Dawa ya Meno Ina Mchanga? Soma Tyubu, Kisha Utazame Mkono Wako

Swali hili hurudi kila mara kwa sura tofauti. Mmoja anauliza kama ni kweli dawa ya meno huchanganywa na mchanga. Mwingine amenunua viatu vipya, akakuta ndani ya kasha kile kipakiti cha vipunje vyeupe kilichoandikwa kuwa visiliwe, akasoma neno "Silica". Jioni akaliona neno hilohilo nyuma ya tyubu ya dawa ya mswaki, na tangu hapo hana raha. Wa tatu, na hawa ndio wengi, meno yao hufa ganzi wakinywa maji ya baridi, na wameambiwa kwamba dawa ndiyo inayoyala.

Nawajibu wote kwa pamoja: silika si adui. Imewekwa humo kwa kazi maalumu na huifanya vizuri. Kinachoyala meno ni dawa isiyowafaa wenyewe, mkono unaokandamiza, na kupiga mswaki saa isiyofaa. Yote matatu yamo mikononi mwako.

Silika inafanya nini humo ndani

Sitakuchosha na kemia. Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, mate hujenga ngozi nyembamba ya protini juu ya jino. Ngozi hiyo ni ya kawaida na ina faida zake, ila ndiyo inayoshika rangi: ya chai, kahawa chungu, sigara, tambuu, mirungi. Mswaki wenye maji matupu huweza kuondoa utando laini wa vijidudu, lakini rangi iliyokwisha kushika haibanduki upesi bila unga wa kuisugua. Katika dawa nyingi za siku hizi, unga huo ni silika.

Kazi zake ni hizi:

- Kusugua. Chembe zake ni ndogo mno, kwa kawaida maikromita chache hadi kumi na kitu. Unywele wa mtu una unene wa takribani maikromita 70.
- Kuipa dawa uzito. Kuna silika ya aina nyingine, nyepesi zaidi, inayoifanya dawa isimame juu ya mswaki badala ya kutiririka. Tyubu moja inaweza kuwa na aina zote mbili.
- Kuiacha floridi ifanye kazi yake. Hii ndiyo kubwa, na ndiyo isiyosemwa.

Floridi ndiyo kinga kuu ya meno dhidi ya kuoza. Zamani unga uliozoeleka katika dawa za meno ulikuwa chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Kalsiamu ikikutana na floridi ya kawaida huishika, na floridi iliyoshikwa hailifikii jino. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilipoleta Crest yenye floridi mwaka 1955, ilibidi itafute unga mwingine badala ya chokaa. Silika haina kalsiamu ya kuishika floridi, kwa hiyo ilipoingia katika dawa za meno tatizo hilo likaisha. Tena hupindisha mwanga karibu sawa na majimaji yanayoizunguka ndani ya tyubu, ndiyo maana jeli inaweza kuonyesha upande wa pili. Close-Up, iliyotoka mwaka 1967, hutajwa kuwa jeli ya kwanza ya meno.

Hii haina maana kwamba dawa yenye chokaa ni mbovu. Watengenezaji huiwekea floridi ya aina nyingine, inayoandikwa "Sodium Monofluorophosphate", ambayo haishikwi upesi. Lakini dawa ya namna hiyo ikikaa miezi mingi kwenye joto, floridi inayofanya kazi hupungua. Nitalirudia tukifika dukani.

"Lakini si ni mchanga uleule?"

Asili ni moja, tabia ni tofauti kabisa. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni kwatzi, silika yenye fuwele. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, na enameli, gamba gumu la nje la jino, ni kama 5. Ukisugua meno kwa mchanga, unakwaruza kitu laini kwa kitu kigumu, na mwisho wake unajulikana.

Silika ya dawa ya meno huanza na mchanga pia, lakini mchanga huo huyeyushwa kwa moto mkali pamoja na magadi ya kiwandani mpaka ukawa kioo kinachoyeyuka majini. Maji yenye kioo hicho hutiwa asidi, na hapo hujitenga unga mweupe, usio na fuwele, wenye maji ndani yake. Kwa kubadili joto, asidi na muda, kiwanda huamua unga uwe laini au mkali kiasi gani. Mchanga wa mtoni haukupi uchaguzi huo.

"Na ule ugonjwa wa mapafu?"

Silikosi ipo, na ni ugonjwa mbaya. Huwapata wachimba madini, wakiwemo wa Mererani, pamoja na wapasua mawe, wanaovuta vumbi la kwatzi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Silika isiyo na fuwele haikuwekwa katika kundi hilo. Mambo mawili yanaitenga dawa yako na vumbi la mgodini: silika yake haina fuwele, nayo imelowa ndani ya uji mzito, haipeperuki ikaingia mapafuni.

Kuhusu kile kipakiti cha viatu, vipunje vyeupe ni jeli ya silika, nayo hufyonza unyevu. Onyo limewekwa kwa sababu si chakula na mtoto anaweza kupaliwa nacho. Vipunje vya rangi, hasa vya buluu, ni jambo jingine. Baadhi huwa na chumvi ya kobalti, hivyo viweke mbali na watoto. Silika yenyewe huenda tayari iko jikoni kwako: chumvi laini na viungo vya unga huweza kuwekewa ili visigandamane, na hapo huandikwa E551. Ukimeza kidogo wakati wa kupiga mswaki, hupita tumboni na kutoka.

Dukani: soma tyubu namna hii

Geuza tyubu. Orodha ya viambato kwa kawaida huanza na kilicho kingi na kumalizia na kilicho kidogo. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta unga wa kusugulia. "Hydrated Silica" au "Silica" ni silika. "Calcium Carbonate" ni chokaa. "Dicalcium Phosphate" ni unga mwingine wa kalsiamu. Kimojawapo huwa karibu na mwanzo wa orodha.
2. Tafuta floridi na namba yake. Inaweza kuwa "Sodium Fluoride", "Sodium Monofluorophosphate" au "Stannous Fluoride". Namba unayoitaka ni kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye kiwango hicho katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Dawa isiyo na floridi itasafisha meno na kukuacha bila kinga.
3. Angalia tarehe ya mwisho. Kama unga ni chokaa, usichukue tyubu iliyobakiza miezi michache. Chukua mpya zaidi.
4. Angalia ilipokuwa imewekwa. Tyubu iliyopangwa juani mbele ya kibanda iache. Ukiifungua ukaona maji yanatangulia na uji unafuata, mchanganyiko umeachana.
5. Angalia alama ya ubora ya nchi yako, ya TBS au KEBS kwa mfano, na kama kifuniko kimefungwa sawasawa. Mwaka 2007, nchini Marekani, zilikamatwa tyubu bandia zenye jina la Colgate ambazo ndani yake mlikuwa na diethilini glikoli, sumu iliyotumika badala ya gliserini. Silika haikuwa na hatia hapo. Hatari ilikuwa ununuzi wa bei ya kutupa, mahali pasipo na wa kumwuliza.

Na mstari wa rangi ulio chini ya tyubu? Ujumbe unaozunguka kwenye simu unasema kijani ni asilia na nyeusi ni kemikali tupu. Si kweli. Ni alama inayosomwa na mashine kiwandani ili ijue pa kukata na pa kubana. Haisemi lolote kuhusu kilichomo.

Kama orodha imefutika, au imeandikwa kwa lugha usiyoisoma, fanya jaribio hili mezani. Minya dawa kidogo kwenye kisahani, udondoshee siki au maji ya ndimu. Ikichemka viputo, ina chokaa au bikaboneti. Ikitulia, huenda ni silika au unga wa fosfeti. Jaribio hili ni la kisahani tu. Lisiingie kinywani kamwe, kwa sababu utakayoisoma hapa chini.

Ni kali kiasi gani?

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Wanadhani dawa ya silika ni laini au ni kali, basi. Ukweli ni kwamba zipo laini sana na zipo kali sana, zote zikiwa zimeandikwa "Hydrated Silica".

Kuna kipimo kiitwacho RDA, kinachopima kiasi ambacho dawa hulila dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, ambayo ni laini zaidi. Unga wa kulinganishia hupewa 100, na kiwango cha kimataifa, ISO 11609, hakiruhusu dawa ipite 250. Chini ya 70 hivi huhesabiwa kuwa laini, na kuanzia 100 na kitu kwenda juu ni kali. Tabu ni kwamba namba hii huandikwa mara chache sana kwenye tyubu. Basi soma dalili:

- Neno "Sensitive" mara nyingi huashiria unga laini zaidi.
- Maneno "Whitening", "Extra White" na "Smokers" mara nyingi huashiria unga mkali zaidi.
- Jeli inayong'aa haina maana ya ulaini. Kung'aa kunatokana na mwanga, ukali unatokana na unga.
- Ladha kali ya mnanaa haihusiani na kusugua. Mdomo kuwaka si ushahidi kwamba jino limesafika.

Nakuomba usijaribu ukali kwa kusugua dawa kwenye karatasi ya aluminiamu au kwenye CD. Jino si aluminiamu, na utakachokiona hakikuambii kitakachotokea kinywani.

Chagua kwa kutazama meno yako, si tangazo

Simama mbele ya kioo mchana, ufunue midomo.

*Fizi zako zimekaa pahali pake, meno hayafi ganzi.* Dawa yoyote ya silika au chokaa yenye floridi ya kutosha itakufaa. Usitumie fedha zaidi kwa sababu ya kasha zuri.

*Fizi zimepanda na shina la jino linaonekana, lenye rangi ya manjano kidogo.* Wewe ndiye ninayekuhofia zaidi. Shina halina enameli. Dawa kali pamoja na mkono mzito huchimba mfereji pale jino linapokutana na ufizi, na ukipitisha ukucha taratibu utausikia. Acha za kung'arisha, chukua ya meno yenye ganzi. Zenye "Potassium Nitrate" huhitaji wiki mbili hadi nne za matumizi ya kila siku kabla ya kukupa nafuu. Wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi.

*Una madoa ya chai, kahawa au sigara.* Dawa yenye silika kali kidogo itapunguza. Itumie kwa kipindi, kisha rudi kwenye ya kawaida, na usitarajie meno yawe meupe kuliko yalivyozaliwa. Unga huondoa rangi iliyo juu. Rangi ya ndani ya jino haiguswi.

*Una ukoga mgumu, ule uliokwisha kuganda chini ya meno ya mbele.* Hakuna dawa ya tyubu itakayoutoa, hata usugue mpaka damu itoke. Huo ni wa kukwanguliwa kliniki.

*Unapata vidonda vya mdomo mara kwa mara.* Usiilaumu silika mapema. Tafuta kwanza "Sodium Lauryl Sulfate", kiambato cha povu, ambacho huwasumbua baadhi ya watu. Jaribu dawa isiyo nacho kwa wiki kadhaa uone. Kidonda kimoja kikizidi wiki mbili bila kupona, nenda ukaangaliwe.

*Una meno yaliyozibwa kwa plastiki ya rangi ya jino.* Dawa kali hukwaruza mng'ao wa viziba hivyo, na vikikwaruzika hushika rangi upesi kuliko jino lenyewe.

Namna ya kupiga mswaki ili silika isafishe bila kula

Naeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo meno mengi yanapoharibikia.

1. Chukua mswaki laini, ulioandikwa "Soft". Mgumu hausafishi zaidi, huumiza fizi tu.
2. Minya dawa kiasi cha punje ya njegere. Ule utepe mrefu uliojaa mswaki mzima kwenye matangazo ni wa kuuza dawa.
3. Anzia meno ya nyuma, upande wa ndani, mahali unaposahau siku zote. Watu wengi huanzia meno ya mbele, dawa ikiwa bado nzito na mkono ukiwa na nguvu, na meno hayohayo ndiyo yanayolika.
4. Inamisha mswaki kuelekea ufizi, uuzungushe taratibu kwa miduara midogo. Usikate kushoto kulia kwa nguvu.
5. Shika mswaki kwa ncha za vidole, si kwa ngumi. Ngumi haijui kusugua polepole.
6. Tumia dakika mbili. Si nusu dakika ya haraka, wala si robo saa huku ukizunguka uani na kuzungumza na majirani.
7. Tema povu. Usisukutue kwa maji mengi, maana unaifukuza floridi uliyoinunua. Kwa wengi hili ni gumu kwa sababu tumelelewa kusukutua hadi mdomo uwe mtupu. Anza kwa kupunguza maji hadi funda moja dogo.
8. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na mojawapo iwe ya mwisho kabla ya kulala.

Kama unatumia mkono wa kulia, chunguza upande wako wa kushoto, hasa meno yanayofuata yale ya mbele. Mara nyingi mkono hukandamiza zaidi huko, na mifereji huanzia huko. Dalili nyingine ni mswaki wenyewe: nyuzi zikilala na kutawanyika kabla ya miezi mitatu, unakandamiza mno.

Kwa wanaofunga Ramadhani, utaratibu unaofanya kazi vizuri ni kutumia dawa baada ya futari kabla ya kulala, na tena baada ya daku kabla ya alfajiri. Mchana wengi hutumia mswaki wa mti. Ni chombo kizuri, na nyuzi zake zina silika yake ya asili. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake tangu miaka ya 1980 pale ambapo ni desturi. Kata ncha iliyochakaa, tafuna mpya, sugua kutoka ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, na usiuchokoe ufizi. Ila haukupi floridi ya kutosha, kwa hiyo usiache dawa ya usiku.

Saa mbaya: baada ya kitu kichachu

Enameli huanza kuyeyuka kipimo cha asidi, pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya ndimu yako karibu na 2, na soda nyingi ziko kati ya 2.5 na 3.5. Ukila embe bichi la chumvi na pilipili, ubuyu au ukwaju, au ukinywa soda, uso wa jino hulainika kwa muda. Mate hufanya kazi ya kuukaza tena. Ukiingia na silika katika muda huo unaondoa kile ambacho mate yangekirudisha.

Subiri nusu saa. Sukutua kwa maji matupu ukitaka, lakini mswaki usiushike. Waliotapika, wakiwemo wajawazito wenye kichefuchefu cha asubuhi, wafanye vivyo hivyo, maana asidi ya tumboni ni kali kuliko soda.

Ndiyo maana nilisema siki na ndimu zibaki kwenye kisahani. Kule kuchanganya ndimu na unga wa kuokea, kisha kusugua meno yawe meupe, ni kulainisha jino na kulikwangua kwa wakati mmoja. Weupe unaouona siku za mwanzo ni wa kweli. Enameli inayoondoka haioti tena, na ikipungua, manjano ya dentini iliyo chini huonekana zaidi.

"Bibi yangu alitumia mkaa na meno yake yalikuwa mazima"

Naiheshimu hoja hii. Bibi huyo pia hakunywa soda kila siku, sukari yake ilikuwa chache, na huenda alitafuna mswaki wa mti maisha yake yote. Tukichambua kimoja kimoja:

- Mkaa uliotwangwa. Hujui ukubwa wa chembe wala kilichobaki ndani yake. Huondoa madoa ya juu kwa kukwaruza, huingia katika nyufa na mipaka ya fizi ukaacha weusi, na hauna floridi.
- Majivu ya kuni. Ni makali kwa fizi kwa sababu yana magadi mengi.
- Majivu ya pumba za mpunga. Haya yana silika kwa wingi kuliko karibu majivu yote mengine, na vipo viwanda vinavyoyatumia kutengenezea silika. Lakini pumba zikiungua kwa moto mkali sana, silika yake hugeuka kuwa ya fuwele, ile ngumu. Tanuri la matofali halikupimii joto.
- Mchanga au matofali ya kusaga. Hapana. Hili halina mjadala.
- Unga wa kuokea, bikaboneti. Hapa wengi watashangaa: ni miongoni mwa vitu laini kabisa kwenye kipimo cha RDA. Kasoro yake ni kukosa floridi. Ukiupenda, tumia dawa ya floridi iliyochanganywa nao tayari.
- Magadi ya kupikia maharage. Si kitu kimoja na bikaboneti ya dukani. Ni makali zaidi, na yale ya maziwa ya Bonde la Ufa huweza kubeba floridi nyingi kupita kiasi. Yasiingie kwenye mswaki.

Madoa ya kahawia ya waliokulia Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa

Sehemu hii naiandika kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi wa maeneo haya hujikwangua fizi wakidhani ni wachafu. Si uchafu. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na katika Bonde la Ufa la Tanzania na Kenya, mahali pengi yana floridi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya taya, yaani hadi umri wa miaka minane hivi, doa huwa sehemu ya enameli yenyewe. Silika ya aina yoyote haitalitoa.

Cha kufanya:

- Acha dawa za kung'arisha na mkaa. Unapoteza enameli na doa linabaki.
- Mwone daktari wa meno uulize kuhusu kusuguliwa kitaalamu kwa madoa mepesi, au kufunikwa kwa plastiki ya rangi ya jino kwa yale mazito.
- Walinde wadogo kwa maji. Mvua ikivunwa vizuri haina tatizo hilo. Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yakipungua hata huizidisha. Vichujio vya mkaa wa mifupa hufanya kazi, na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimejishughulisha navyo kwa miaka mingi.
- Usimnyime mtoto dawa ya floridi kwa hofu bila kumwuliza daktari. Kilichomezwa majini ndicho kilicholeta doa. Dawa inayopakwa na kutemwa ni jambo jingine, mradi kiasi kizingatiwe.

Watoto: kiasi ni muhimu kuliko rangi ya tyubu

Kwa mtoto, silika haipaswi kukusumbua. Cha kuangalia ni floridi anayoimeza.

- Tangu jino la kwanza hadi miaka mitatu: mpako mwembamba, kiasi cha punje ya mchele.
- Miaka mitatu hadi sita: punje ya njegere.
- Mpigie mswaki wewe, au shika mkono wake, mpaka afike miaka saba hivi.
- Dawa yenye ladha ya sitroberi au ubani wa kutafuna isiachwe mahali anapofika. Ataila.

Meno ya bandia yasipigwe mswaki kwa dawa ya meno

Swali hili huja kutoka kwa wazee, na jibu huwashtua. Meno ya kuvua na kuvaa mara nyingi hutengenezwa kwa akriliki, ambayo ni laini kuliko enameli. Silika inayolifaa jino la kweli huyajaza mikwaruzo midogo, na kuvu wa kinywani hujificha humo. Yasafisheni kwa sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Usiku yavueni na kuyaloweka kwenye maji ya kawaida, si ya moto, maana moto huyapinda. Ikiwa Babu au Bibi ana meno machache ya kwake yaliyobaki, hayo ndiyo ya kupigwa mswaki kwa dawa ya floridi, tena ile laini, kwa sababu kwa umri huo shina la jino huwa limeshafunuka.

Usingoje dawa ya tyubu ikufanyie kazi ya daktari ikiwa:

- ganzi imebaki palepale baada ya mwezi mmoja wa dawa ya meno yenye ganzi;
- ganzi iko kwenye jino moja tu, hasa ukiuma kitu, kwani hiyo huweza kuwa ufa au tundu;
- mfereji ulio karibu na ufizi unashika ukucha;
- fizi zinatoka damu kila unapopiga mswaki kwa zaidi ya wiki mbili, hata baada ya kubadili mswaki na kulegeza mkono.

Ukienda kliniki, chukua tyubu yako na mswaki unaoutumia. Mwonyeshe daktari pia namna unavyoushika, kwa sababu katika dakika hiyo moja huenda akaona tatizo ambalo usingeweza kumweleza kwa maneno.